Nyuki wa Baba na Kituo cha Data

Wewe uliyeanza nami tangu sehemu ya kwanza, ukanionea huruma wiki hadi wiki, leo huruma hiyo iweke kando. Leo sitalia. Na wewe uliyelipata gazeti hili kwa kufungiwa samaki, usiogope, nitakuweka sawa kwa maneno machache.

Mimi ni Dalrae, mtoto wa Ma Chunsik, mfuga nyuki. Tangu nikiwa mdogo tulihama na mizinga kwenye lori, kutoka kusini hadi kaskazini, tukiyafuata maua ya miti ya miakasia yanavyofunguka. Shule niliiacha darasa la nne. Miaka ya karibuni tulitulia hapa Sutgol, chini ya mlima wa miakasia, tukapata nyumba yenye kuta. Ndipo mikosi ikapanga foleni mlangoni kwetu. Baridi ya ghafla iliunguza maua. Nusu ya nyuki walitoka asubuhi wasirudi. Kisha Baba akaanguka kutoka kwenye lori, akavunjika nyonga.

Mwisho ikaja kampuni. Mwenye mlima anaishi Seoul na yuko tayari kuuza. Kampuni inataka kuufyeka wote na kujenga kituo cha data, jumba refu lisilo na madirisha, la kompyuta zinazonguruma usiku na mchana. Wilaya ilisema jambo moja tu: wanakijiji wenyewe wakubali kwanza. Kila kaya kura moja.

Wakisema ndiyo, miti inaanguka, na sisi tunarudi kwenye hema.

Kura ilikuwa asubuhi hii ninayowasimulia.

Baba alikuwa amelala chali kwenye godoro lake sakafuni, macho yameelekea darini.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula."

"Muongo. Sijasikia kijiko."

Nikakaa, nikala wali wa jana na kimchi, kabichi yetu ya pilipili, ili asikie kijiko. Alisubiri hadi nikamaliza.

"Nenda ukainue mkono kwa niaba yangu," akasema. "Useme hapana. Ni neno moja tu, hata wewe halikushindi."

"Wakiniuliza sababu?"

"Waambie baba yangu ni mbishi, ndivyo alivyozaliwa."

Kabla sijacheka, kisanduku cha spika kilichoko ukutani kikakohoa. Kila nyumba ya Sutgol inacho. Mwenyekiti wa kijiji, Tak Mansu, alihangaika mwaka mzima wilayani hadi akawaletea bibi zetu wasiosikia vizuri, na vyote vimewekwa sauti ya juu kabisa. Ukumbini ndiko hakuna, maana anayetangaza hana haja ya kujisikia mwenyewe.

Ulianza wimbo wa mapenzi wa zamani, kama kila siku. Kisha sauti yake.

"Haloo, haloo. Moja, mbili. Ndugu zangu, ni mimi mwenyekiti wenu. Leo ni mkutano mkuu, msiende shambani. Kuna nyama ya nguruwe ya kuchemsha na pombe ya mchele, wageni wetu wa kampuni ndio wametukirimu. Bibi Sunrye, mtungi wako wa gesi nimeshaubadilisha, usiuguse. Na Dalrae wa kwa Mzee Ma, njoo ukumbini sasa hivi, kabla ya watu."

Baba aligeuza shingo.

"Kabla ya watu? Kwa nini kabla ya watu?"

Nikavaa viatu.

Chumba cha matangazo pale ukumbini ni kidogo kuliko choo chetu. Mna meza, mashine ya matangazo, maiki yenye shingo ndefu, na kalenda ya chama cha wakulima. Mwenyekiti alikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa Meneja Seok wa kampuni, ameshika kahawa kwenye kikombe cha karatasi, soksi zake safi kama za bwana harusi.

"Kaa, mwanangu," Mwenyekiti akasema. "Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Dada," Meneja Seok akaingilia, akitabasamu, "hatutakuchelewesha. Tuna ombi dogo. Leo usipige kura."

Nikatazama magoti yangu.

"Sema tu kwamba ninyi ni wapita njia," akaendelea. "Watu wa hema. Mkutano ukiuliza, jibu hivyo, basi. Kituo kikifunguliwa, kazi ya kwanza ya usafi ni yako. Sare, kiyoyozi, chumba mjini. Utaachana na kuumwa na nyuki."

"Nyuki hawaniumi," nikasema, lakini kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Nilipoinua macho kidogo, ndipo nikaiona taa.

Kwenye ile mashine kuna taa mbili. Ya kijani ni ya muziki, nyekundu ni ya maiki. Ya kijani ilikuwa imezimwa. Nyekundu ilikuwa inawaka.

Sasa naungama. Kijiji kizima kinaamini ilikuwa bahati mbaya, na Mwenyekiti mpaka leo anajilaumu kwa usahaulifu wa uzee. Kusahau alisahau yeye. Lakini niliyeona ni mimi. Adabu ilinitaka niinamishe kichwa niseme, "Mwenyekiti, samahani, umeacha wazi." Nilijua kila neno linaingia jikoni kwa kila mtu, kwa sauti ya juu kabisa.

Nikafunga mdomo. Kisha nikaufungua kwa jambo jingine.

"Samahani, Meneja. Mimi shule sikumaliza. Nieleze polepole. Hicho kituo kitapiga kelele?"

Akacheka kwa wema, kama mtu anayempa mtoto peremende.

"Kelele ipo. Mngurumo tu, usiku na mchana. Lakini jamani, dada, tazama umri wa watu wa hapa! Hawa bibi masikio yao yalikufa zamani. Tutamsumbua nani?"

"Na maji ya kisima? Nasikia mitambo inakunywa."

"Inakunywa, ndiyo, inapata joto. Sasa wao wanatumia maji gani? Kila mmoja anaishi peke yake, anapika mchele kikombe kimoja."

"Na zahanati mliyoahidi? Na bafu la umma?"

"Yale ya kwenye kipeperushi?" Akanywa kahawa. "Tutaona. Mambo hayo huchukua miaka. Miaka kumi ijayo nani atakuwa bado yupo wa kutudai?"

"Meneja, taratibu," Mwenyekiti akasema.

"Taratibu ya nini, Mwenyekiti? Si wewe mwenyewe uliniambia watakufuata kama vifaranga, mradi wewe utangulie?"

Hapo nikamgeukia Mwenyekiti Tak.

"Mwenyekiti, ulisema hivyo?"

Nilidhani atakana. Nilitaka akane, ili kijiji kimsikie anavyokana.

Akavua kofia yake ya chama cha wakulima, akaiweka mezani.

"Nilisema," akajibu. "Unataka nifanye nini, Dalrae? Ile shule niliyosoma mimi leo ni ghala la vitunguu saumu. Mtoto wa mwisho kuzaliwa Sutgol yuko jeshini. Balbu ikiungua, ni mimi. Gesi ikiisha, ni mimi. Bibi akianguka bafuni, ni mimi ninayevunja mlango. Mwaka juzi nilivunja mlango nikachelewa, unakumbuka. Mke wangu hayupo, wanangu wako Busan hawapigi simu. Mimi nikianguka, nani atavunja mlango wangu?"

Akaigeuza kofia pale mezani.

"Hawa wa kampuni ni wajanja, nalijua hilo," akaendelea, bila hata kumjali Meneja aliyekaa palepale. "Lakini tangu niwe mwenyekiti, ni nani mwingine aliyewahi kuja Sutgol akasema anataka kukaa?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Mimi ni mtu wa kuvuka barabara ili nisimsalimie mtu.

"Sisi," nikasema. "Sisi tulikuja. Mimi na Baba."

Meneja Seok akacheka puani. "Watu wa hema."

"Ndiyo, wa hema!" nikasema. "Nimelala kwenye hema mpaka nikadhani kuta ni za matajiri tu. Nilihamishwa shule mpaka walimu wakachoka kuuliza jina langu. Sina rafiki hata mmoja wa utotoni. Hakuna mtu duniani aliyenijua nikiwa mdogo, isipokuwa Baba na nyuki."

Taa ilikuwa bado inawaka.

"Hapa ndipo mahali pa kwanza mtu kuniita kwa jina langu kutoka ng'ambo ya barabara. Siendi kufagia chini ya mitambo yenu. Na mlima huo mkija kuukata, mtanikuta juu yake. Leteni katapila zenu."

Halafu tukasikia kandambili. Nyingi, zinakuja mbio.

Mlango ukasukumwa mpaka ukagonga ukuta. Alisimama Bibi Gopdan, suruali yake ya maua imepakwa tope mpaka magotini, jembe la mkono liko kiunoni, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Nyuma yake walijaa bibi wengine.

"Nani masikio yake yamekufa?" akauliza.

Meneja Seok akainuka haraka. "Bibi, karibu, karibu, nyama ndiyo inakatwa..."

"Nimekuuliza, nani?"

"Bibi, hapakuwa na maana hiyo..."

"Ati mimi napika kikombe kimoja! Njoo nyumbani kesho uone ninavyochemsha ndoo nzima, nikumwagie kichwani!"

"Na kufa tutakufa lini?" mwingine akadakia kutoka nyuma. "Si useme tu tarehe, tujiandae!"

Mwenyekiti Tak aliitazama mashine. Uso wake ukawa mwekundu kama unga wa pilipili. Akanyoosha kidole, akabonyeza. Taa ikazimika.

"Unazima sasa?" Bibi Gopdan akamwambia. "Ungeacha tu. Sisi tumeshamaliza kusikiliza."

Nikasema moyoni, kwisha habari yao. Leo kampuni inakwenda na kahawa yake. Nilijiona mjanja kuliko wote waliomaliza shule.

Furaha yangu haikufika hata mlangoni.

Bibi Sunrye, yule wa mtungi wa gesi, alipenya katikati ya wenzake huku analia. Sikujua analia nini. Akapita mbele ya Meneja kama vile hayupo, akamshika Mwenyekiti mkono wa shati.

"Mansu, mdogo wangu, mbona hukutuambia?"

"Dada, si kitu..."

"Nimekutuma dukani, nimekutuma hospitali, nimekuamsha alfajiri kwa ajili ya panya. Sikuwahi kukuuliza wewe umekula nini." Akatugeukia sote. "Mimi nilikuja kukataa. Sasa nakubali. Kama mtu huyu anaona hao wenye kompyuta watamletea majirani, waje! Siwezi kumwacha afe peke yake nyuma ya mlango."

"Sunrye, umerogwa?" Bibi Gopdan akamkemea.

"Nimesikia kwa masikio haya haya yaliyokufa!"

Na nyuma yake nikaona vichwa vinatikisika. Si kimoja. Mtego niliouacha wazi ulikuwa umenasa pande zote mbili.

Mkutano ukaanza. Watu walikaa sakafuni kuzunguka meza fupi, nyama ikafika, lakini hamu ya watu haikuwa kwenye nyama.

Mzee Pyo, anayelima matikiti kwenye banda la plastiki, alisimama wa kwanza.

"Nyaya za umeme mkubwa zitapita chini ya barabara yangu. Nani atakula tikiti lililolalia umeme?"

"Angalau watatutengenezea hiyo barabara," mtu akasema.

"Ya kwenda wapi? Makaburini?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa wamekunja uso.

"Jamani, tuseme ukweli," akasema bibi mmoja aliyekaa karibu na jiko. "Mjukuu wangu Seoul kutwa nzima yuko kwenye simu, anaangalia video za watu wanaokula. Hizo video si lazima zikae mahali?"

"Zikae kwao Seoul!" Bibi Gopdan akajibu.

"Seoul ardhi ghali."

"Ahaa! Na sisi rahisi, siyo? Video waangalie wao, joto tupewe sisi, kelele sisi, maji yetu, halafu tushukuru kwa sahani ya nguruwe!"

"Gopdan, usiseme hivyo na nyama iko mdomoni."

"Naitafuna kwa hasira!"

Bibi Sunrye naye hakurudi nyuma. "Wewe una binti anayekuja kila mwezi. Sisi wengine? Ukisema hapana leo, kesho nani atakuja? Mlima ubaki na maua yake, sawa, lakini maua hayatavunja mlango."

Hilo lilimuuma kila mtu. Likaniuma na mimi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Meneja Seok alipoona upepo unamrudia, akapiga magoti katikati ya ukumbi, paji la uso likagusa sakafu.

"Nimekosa! Ulimi wangu umenikosea. Adhabu yoyote mtakayonipa..."

"Inuka, unaziba sahani," Bibi Gopdan akamwambia.

Hakuinuka. Alibaki pale pale, na kuna bibi wawili watatu walioanza kumwonea huruma. Yule mtu anajua kazi yake.

Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja.

"Basi. Tumesikilizana. Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikainuka, mingi kuliko nilivyoogopa. Akahesabu kwa kidole, midomo inacheza.

"Wanaokataa."

Nikainua wangu. Ni mara ya kwanza maishani kuinua mkono mbele za watu. Hata shuleni sikuwahi. Mwenyekiti akahesabu, akasimama, akahesabu tena. Ukumbi mzima ulikuwa unahesabu pamoja naye.

"Waliokataa wamezidi," akasema polepole. "Kwa kaya moja."

Kabla mtu hajapiga kelele, Meneja Seok aliruka kutoka pale sakafuni kana kwamba magoti yake hayakuwahi kukunjwa.

"Kaya ipi? Huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu si kaya! Wamekuja na lori, wataondoka na lori. Mtoeni, mtaona kura zinalingana!"

Mkono wangu ulikuwa mzito kama mzinga uliojaa. Nikataka kuushusha, nikimbie nyumbani.

"Ngoja," Bibi Gopdan akasema. Akasimama kwa kushika bega la jirani yake. "Hawa walipohamia, walizungusha keki za mchele nyumba kwa nyumba, kama mtu yeyote mwenye adabu anayehamia. Sasa naomba kila mtu aseme. Nani hapa hakula?"

Mtu akakohoa.

"Sunrye, wewe hukula?"

"Nilikula," Bibi Sunrye akasema chini kwa chini. "Zilikuwa laini."

"Pyo?"

"Nilikula na za jirani yangu, alikuwa safarini."

"Mwenyekiti?"

Mwenyekiti Tak aliinamisha kichwa. Kila mtu alijua anavyotamani kura ile ifutwe. Angeweza kusema hakumbuki.

"Nilikula," akasema. "Vipande vitatu. Vilikuwa na maharage mekundu juu."

"Basi huwezi kula keki ya mtu halafu useme hajahamia!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mwenyekiti mwenyewe akacheka, macho yamemjaa maji, akaivaa tena kofia yake.

"Kaya ya Ma ni kaya ya Sutgol," akatangaza. "Kura yake ni halali."

Kulikuwa na makofi. Bibi Gopdan alinipiga mgongoni mpaka nikapaliwa. Nilikuwa nimeshinda. Mimi, Dalrae, na mkono wangu mmoja.

Ndipo tukasikia pawatila, lile trekta dogo la shambani, nje.

Ilikuja inatutuma mpaka mlangoni, ikazimika. Alishuka mke wa Mzee Pyo, jasho linamtoka, akaita wanaume waje kusaidia. Nyuma kwenye tela, katikati ya magunia ya vitunguu, juu ya godoro lake, alikuwa Baba.

Walimbeba na godoro lake, wakamweka kizingitini. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu. Nikamkimbilia.

"Baba, nyonga yako! Nani amekuruhusu?"

"Sogea," akasema. "Nizungumze na watu."

Nikadhani amekuja kunitetea. Nikasogea kando kwa fahari, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mwenyekiti," Baba akasema, "mkuu wa kaya ya Ma ni nani?"

"Ni wewe, Mzee Ma."

"Mkuu wa kaya akiwepo, kura ni ya nani?"

"Ni yake. Ndiyo desturi yetu."

"Basi kura ya kaya yangu ni ndiyo. Wajenge."

Hata Meneja Seok alibaki mdomo wazi.

"Baba," nikasema. "Asubuhi ulisema hapana."

"Asubuhi sikuwa najua." Hakunitazama. Alitazama dari, kama alivyozoea godoroni. "Hukuwahi kulalamika, Dalrae. Wala mara moja. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mtoto wangu anapenda safari, anapenda nyuki, hana shida na mtu. Leo nimelala pale, ukuta unaniambia. Kijiji kizima kinasikia pamoja nami. Sauti yako: 'Sina rafiki hata mmoja. Walimu walichoka kuuliza jina langu.'"

"Sikumaanisha hivyo..."

"Aliyekutoa darasani ni nani? Si mimi? Kwa ajili ya maua!" Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Sasa nikubakize chini ya mlima na mizinga iliyo nusu tupu, mpaka uwe bibi wa kusubiri mwenyekiti avunje mlango? Chukua hiyo sare. Nenda mjini. Ukapate watu wa kukujua."

"Baba, hukusikiliza mpaka mwisho? Nilisema hapa ndipo..."

"Nilisikia ya kutosha."

Ile taa nyekundu. Ningesema neno moja tu, "Mwenyekiti, umeacha wazi," Baba angekuwa nyumbani amelala, na kura yangu ingekuwa imesimama. Lakini nawaambia ninyi mnaosoma, na ningemwambia na yeye kama angenipa nafasi: sikujutia. Yale maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyabeba kwenye lori miaka yote hiyo, na yalikuwa ya kweli yote, pamoja na yale ya mwisho ambayo hakutaka kuyasikia.

Meneja Seok alikuwa ameshapangusa magoti ya suruali yake.

"Mwenyekiti," akasema kwa upole, "mkuu wa kaya amesema. Sasa waliokubali ndio wamezidi kwa kaya moja. Tafadhali tangaza."

Bibi Gopdan akafungua mdomo, akaufunga. Desturi ya mkuu wa kaya aliikuta yeye mwenyewe, na bibi yake kabla yake. Bibi Sunrye, aliyetaka ndiyo kuliko wote, alikuwa anatazama sakafu kana kwamba ameona aibu kuipata.

Mwenyekiti Tak akanitazama mimi, akamtazama Baba, akanitazama tena.

"Tutapiga upya," akasema. "Ili pasiwe na neno. Wanaokataa, mikono juu."

Mikono ikaanza kuinuka.

Sijawahi kumkatalia Baba kitu chochote. Akisema tufunge hema, nilifunga. Akisema tuhame, nilipanda lori. Akisema shule basi, niliweka mkoba chini ya mizinga, sikuuliza.

Nikasimama pale alipolala, ili anione vizuri bila kugeuza shingo.

Nikainua mkono.

"Dalrae," Baba akasema. "Shusha."

Sikushusha.

"Shusha mkono, mwanangu," Mwenyekiti akaniambia kwa sauti ya kuomba. "Nikiuhesabu huo, nimevunja desturi. Nisipouhesabu... usinifanye nichague."

Ukumbi mzima ulinitazama. Baba alinitazama.

Nikainua na wa pili, ili asiseme hakuuona.